Zamu ya Kulala

Renatha, mdogo wangu, nimesikia umepata leseni ya daraja E na sasa shangazi analia huko Kibeta kama mtu aliyefiwa. Mwache alie. Mama yangu naye alilia wiki nzima, akamleta mpaka katekista aniombee nibadilishe mawazo, na leo hii ndiye anayenipigia simu kuniuliza kama nimeshapita Singida ili apate la kumringia jirani.

Umeniuliza utegemee nini ukianza kazi ya madereva wawili kwenye gari moja. Wengine watakuambia mizani, matrafiki, pancha, na wanaume wa vituoni wenye midomo. Hayo yote yapo na utayazoea. Mimi nitakuambia kuhusu usingizi, maana usingizi ndio uliotaka kuninyima kazi. Na sitanyamaza eti kwa sababu mzee aliyenifundisha bado tunafanya naye kazi. Alinisema mbele ya watu Muleba, acha na mimi nimseme mbele yako.

Magari yetu yanalala Rwamishenye, kwenye ule uwanja wenye geti la bluu. Mwenyewe ni dada Evelyne, aliyarithi kwa baba yake. Tunapeleka ndizi Dar, tunarudi na mabati, sabuni, chochote kitakachopatikana. Sasa ndizi haimsubiri mtu, inaiva ikitaka. Kwa hiyo gari halilali. Mmoja anaendesha, mwenzake analala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, pazia limefungwa, kisha wanabadilishana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Evelyne aliniita ofisini akanionyesha karatasi. "Hii ni barua yako ya ajira, nimeshaichapa, zimebaki sahihi. Nenda safari moja na mzee Rutashobya, dereva wangu mkubwa. Akirudi akasema unafaa, tunasaini. Akisema hufai, usirudi hapa, na usinitumie mtu wa kukuombea."

Nikauliza ni wangapi wamewahi kwenda na huyo Rutashobya. Akasema watatu, tena wanaume, na hakuna aliyefaa.

Renatha, niliitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Miaka sita nilikuwa nimeendesha Fuso ya mchanga ya mtu, kila mwaka nikiambiwa subiri, magari makubwa yana wenyewe. Wenyewe akina nani? Nikamwambia Evelyne nipe huyo mzee, hata angekuwa na mapembe.

Hana mapembe. Ana shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na miaka hamsini na minane. Kwao ni Kishanda, kule Muleba. Unajua sisi Wahaya tunavyosemwa kwa majivuno nchi hii? Basi ni yeye wanayemsema, sisi wengine tunasingiziwa tu. Alikuja siku ile ameshika kopo la bati kwapani, akalizunguka gari mara mbili, kisha akanizunguka na mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kulala?"

Damu ikanichemka. Nikasema, "Unasemaje?"

"Nimekuuliza kama unajua kulala. Kuendesha, hata mbuzi akifundishwa ataendesha. Kazi ya kwanza ya dereva wa pili ni kulala. Panda."

Tukaondoka asubuhi, yeye kwenye usukani. Tulipofika Muleba akapiga honi mara tatu bila kupunguza mwendo, na mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama kando ya barabara akainua mkono. "Mke wangu, Benigna," akasema. "Nikisimama ananipa chakula. Nisiposimama, honi zinamtosha." Kisha akanionyesha kitanda kwa kidole gumba.

Nikapanda, na hapo ndipo nilipojua sijui kulala. Thubutu! Kila akibadilisha gia nafumbua macho. Kila tuta nashika ukuta. Nilikuwa naendesha gari lile nikiwa nimelala chali, mguu wangu ukitafuta breki kwenye godoro. Tulipofika Kahama akasimama, akauliza, "Umelala?"

Nikajibu, "Nimelala vizuri sana." Nilidhani nikisema sikulala ataandika sifai.

Akanipa usukani. Tulipita Nzega salama. Karibu na Igunga nikaona mti unavuka barabara. Nakuambia niliuona kwa macho yangu haya, mti mzima na matawi yake, unavuka taratibu kwenda upande wa pili. Nikakanyaga breki, nikaegesha pembeni. Rutashobya alikuwa ameketi kiti cha abiria, macho makavu, ananitazama.

"Kahama nilikuuliza nini?"

Nikatazama mbele, barabarani.

"Dereva anayedanganya kuhusu usingizi wake ni muuaji anayetafuta siku!" Sauti yake ilijaa kwenye kichwa cha gari. "Simjali awe mwanamume, awe mwanamke, awe padri! Ukiwa hujalala, sema hujalala. Toka hapo!"

Nikatoka. Nikalia nyuma ya pazia kwa aibu mpaka usingizi wenyewe ukanichukua. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki.

Kuanzia hapo nikajifunza. Vua viatu. Funga kitenge machoni. Mwambie moyo wako kwamba gari si lako mpaka zamu yako ifike, na kama mwenzako atawaua, atawaua hata ukiwa macho. Ukiweza hilo, umeiweza nusu ya kazi. Kufika Morogoro nilikuwa nakoroma kama mlevi wa rubisi.

Ila sasa nikaanza kuona jambo. Zamu yangu ilipofika, yule mzee hakupanda kitandani, hata mara moja. Alikaa pembeni yangu na kopo lake mapajani, anatafuna kahawa. Unaijua emwani yetu, ile inayochemshwa na maganda yake kisha inakaushwa. Anatafuna, anatema maganda dirishani, anatazama mguu wangu. Tuta likiwa bado mbali huko, anapiga kelele, "Tuta! Tuta!" Nikipanda kilima aliita gia zote kwa majina, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, ni zamu yako ya kulala."

"Mimi nalala nimefumbua macho."

Na katika kutafuna kote huko, safari nzima, hakunipa hata punje moja. Wewe ni Mhaya, huhitaji kuelezwa. Nyumba yoyote kwetu, hata ya maskini, hata ya mtu mliyegombana naye, mgeni akikaa anapewa emwani kabla hajaulizwa habari. Mimi nilikaa siku nzima kwa mtu, bega kwa bega, kopo liko wazi, na sikupewa. Nikajisemea, kumbe ndiyo hivyo. Mwanamke kwake si mgeni, si mwenzake, ni mzigo kama mikungu ya ndizi. Nikafunga mdomo, maana barua ilikuwa mikononi mwake.

Dar tulishusha ndizi, tukapakia mabati. Huko alilala gesti masaa kumi mfululizo mpaka nikamgongea nikidhani amekufa. Kwa hiyo usingizi anao mzee. Gari likiwa linatembea ndipo hauji.

Tuliondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi. Akaendesha mpaka Dodoma. Nikachukua mimi mpaka Nzega, yeye yuko pembeni na kopo lake. Akachukua tena, mimi nikapanda kitandani nikafunga kitenge machoni. Sasa piga hesabu ya macho yake wewe mwenyewe.

Alfajiri, kabla ya Biharamulo, nilishtushwa na matairi yakisaga kokoto. Gari lilikuwa limetoka lami upande mmoja, linayumba, kisha likarudi kwa kishindo na mabati yote yakalia. Nikafungua pazia.

"Kuna nini?"

"Mbuzi," akasema bila kugeuka.

Nikatazama kioo cha pembeni. Kulikuwa kumepambazuka, barabara yote inaonekana nyuma yetu, nyeupe tupu. Hakukuwa na mbuzi wala kamba ya mbuzi.

Biharamulo nikachukua usukani kwa zamu yangu. Hakubisha. Akaketi, akatia punje nne mdomoni kwa mkupuo, akasema, "Muleba nachukua mimi. Gari huingizwa nyumbani na dereva mkubwa. Ndivyo ilivyo tangu enzi za baba yake Evelyne."

Nikaendesha masaa mawili nikilitafakari neno hilo. Kila nikimwangalia, kidevu kinashuka taratibu mpaka kinagusa kalamu zake, kisha anashtuka na kutafuna kwa nguvu. Nilijua sheria hiyo ya dereva mkubwa ni ya nini. Muleba mjini wanamjua wote. Wanatakiwa wamwone juu, ameshika usukani, shati limenyooka. Halafu kutoka Muleba mpaka Bukoba kuna Muhutwe, mteremko na kona, na watoto wa shule barabarani.

Tukafika Muleba saa tatu kasoro. Benigna alikuwa amesimama palepale, kafunga kitenge vizuri, mkononi kashika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ndani ya jani la mgomba, bado yanatoa moshi. Nikaegesha. Rutashobya akashuka upande wake, akazunguka kwa mbele akiwapungia watu wa bodaboda, akafungua mlango wangu.

"Haya, teremka."

"Zamu ni yangu, mzee."

"Imeishia hapa. Teremka."

Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo nikautumbukiza ndani ya blauzi. Ufunguo ukishafika huko, mwanamume mwenye heshima zake hana la kufanya ila kupiga kelele, na kelele akapiga. Aliniita mtoto. Aliniita dereva wa mchanga. Akasema miaka thelathini na tatu ya barabara haiwezi kukalishwa chini na binti wa Kibeta aliyeanza jana. Watu wakajaa. Bodaboda wakazima pikipiki zao wasikose neno.

Akatoa simu, akampigia Evelyne, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie ninavyofukuzwa kazi. "Huyu mtu wako amenipokonya gari!"

Sauti ya Evelyne ikatoka. "Alistidia, mpe mzee ufunguo."

"Hapana."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, dada. Hajafumba macho tangu tuondoke Dar jana asubuhi. Alfajiri ametutoa barabarani, akasema amekwepa mbuzi. Hakukuwa na mbuzi."

"Kulikuwa na mbuzi!" Rutashobya akafoka.

"Wa rangi gani?" nikamuuliza.

Kijana mmoja wa bodaboda akacheka, mwenzake akampiga kiwiko.

"Alistidia," Evelyne akasema polepole, "hii barua iko hapa mbele yangu."

Sikudanganyi, niliogopa. Nilikuwa na kilomita sitini na kitu tu kuipata ile barua. Ningempa ufunguo, ningekaa pembeni, ningemwimbia nyimbo za kanisani asisinzie, pengine tungefika. Wangapi wamefika hivyo? Lakini nikaukumbuka ule mti wa Igunga unavyovuka barabara, nikajua naye anao wake unamsubiri mahali.

"Basi ichane," nikasema. "Kama kazi yenyewe ni kumpa usukani mtu anayesinzia ili watu wa Muleba wamwone, ichane, nitarudi kwenye mchanga. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kasema dereva anayedanganya kuhusu usingizi wake ni muuaji anayetafuta siku. Ni maneno yake hayo, si yangu!"

Mzee mmoja mwenye baiskeli akaingilia kati kwa upole. "Binti, mpe mwenzako gari lake. Mungu atawafikisha. Ajali haina kinga."

Ewe Mola, neno lile lilinimaliza. "Inayo!" nikamgeukia. "Inayo kinga, baba yangu! Kinga yake ni kulala! Tunakaa misibani tunasema haina kinga, haina kinga, na kila mtu pale anajua marehemu alikuwa na siku mbili hajalala. Mimi sitaki kusemewa neno hilo, na huyu sitaki asemewe!"

Simuni Evelyne akavuta pumzi. "Njooni wote ofisini. Nitaamua hapa hapa." Akakata.

Sasa Benigna alikuwa bado ameshika lile jani la chakula. Akaliweka kwenye ngazi ya gari, akafuta mikono. Akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama anavyomwita siku zote. "Baba Mugisha, mwambie binti habari za Audax."

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Nimenyamaza miaka mitatu." Akanigeukia. "Audax alikuwa dereva wa pili wa mume wangu. Miaka kumi na moja wamekula sahani moja. Siku hiyo Audax ndiye alikuwa kwenye usukani, huyu amelala nyuma ya pazia. Audax akasinzia. Huyu aliamka gari liko mtaroni na Audax ameshakufa. Tangu siku hiyo halali gari likitembea, awe anaendesha nani. Wale wanaume watatu hawakuwa na kosa lolote. Ni yeye asiyeweza kufumba macho, halafu anasema hawafai."

Rutashobya alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona kumbe nilikosea kidogo. Nilidhani ananidharau kwa uanamke wangu, na kumbe alikuwa ananiogopa kama alivyoogopa kila mtu. Nilimhurumia, Renatha, nilimhurumia kweli. Lakini ufunguo sikuutoa.

Akachomeka shati lake vizuri, akachukua kopo lake kwenye kiti. "Sipandi gari la mtu aliyeninyang'anya," akasema, na akaingia kwenye Noah iliyokuwa inaita abiria wa Bukoba. Alikuwa anawahi kwa Evelyne ili akaseme kwanza.

Benigna akanipa kile chakula. "Chukua, kula wewe. Unajua zile honi zake tatu? Zikilia najua yuko hai. Lakini pia najua yuko macho. Nimechoka na honi zake, binti yangu, muhara wange."

Nikawasha gari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliendesha peke yangu, bila mtu wa kuniitia matuta, na nilikuwa najua ni mara ya mwisho. Nililia mpaka karibu na Muhutwe, kisha nikafuta macho maana ule mteremko hautaki mchezo. Nikashuka kwa gia nzito, nikapita Kemondo, nikaingia Rwamishenye saa tano. Nikaliegesha gari kinyumenyume, kwa mara moja, bila kurudia.

Evelyne alikuwa getini. Akatazama kiti cha abiria. "Rutashobya yuko wapi?"

"Alitangulia na Noah. Hajafika?"

Hakuwa amefika. Tukasimama tukitazama barabara ya Muleba. Noah zikapita mbili, tatu. Nusu saa ikaisha. Nilishaanza kuogopa, ndipo bodaboda ikaja kwa upande wa pili, ikitokea mjini, na juu yake Rutashobya na kopo lake. Shati limekunjamana lote. Shavuni alikuwa na alama za mshono wa kiti, nyekundu, mpaka karibu na sikio.

Evelyne akamtazama shavu. "Umetokea wapi?"

Angeweza kutaja mbuzi mwingine. Hakumtaja. "Stendi," akasema. "Nililala kabla hatujatoka Muleba. Sikuona Muhutwe, sikuona Kemondo, sikuona hapa. Kondakta ameniamsha abiria wote wameshashuka." Akahamisha kopo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Kama ningekuwa na usukani..." Akaishia hapo.

Tukaingia ofisini. Evelyne akaweka barua mezani. "Nijibu swali moja. Anafaa au hafai?"

"Ana kiburi."

"Sijauliza hilo."

"Hana heshima kwa wakubwa. Amenitia aibu mbele ya mke wangu."

"Rutashobya."

Akatazama dirishani, kule lilikosimama gari. "Anafaa," akasema.

Evelyne akasaini, akanisogezea barua na kalamu. Mtu mwenye akili zake angesaini akaenda nyumbani kumwamsha mama. Mimi nikaiweka kalamu chini.

"Sisaini."

"Mungu wangu, na wewe una nini tena?"

"Sitaki kuajiriwa ili nife. Nasaini mzee akisema mbele yako kwamba zamu yangu ikifika atapanda kitandani alale. Asipoweza, sina kazi hapa, nibaki nikijua nilifaa nikaondoka mwenyewe."

Rutashobya akanigeukia. "Unaniwekea masharti? Mimi?"

"Ndiyo, tata," nikasema, kama ninavyomwita baba yangu.

Akachukua kopo lake akatoka, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Evelyne akaikunja barua akaitia mkononi mwangu. "Jumatatu asubuhi mnapakia ndizi. Ama atakuja ama hatakuja. Kaa nayo."

Siku tatu nilikaa nayo ndani ya Biblia ya mama. Sikumwambia mama kitu, na unajua nisivyoweza kukaa na neno.

Jumatatu nilipofika, shati lililopigwa pasi lilikuwa limesimama kando ya gari. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza, "Umelala?"

"Masaa tisa."

"Mimi sikulala. Nilikuwa nawaza." Akafungua mlango wa dereva, akauacha wazi, akarudi nyuma hatua moja. "Anza wewe."

Nikapanda. Akapanda upande wake, akaweka kopo karibu na gia, akafungua kifuniko. "Chukua," akasema. "Sikupewa malezi ya kumkalisha mgeni bila emwani. Nilijisahau." Nikachukua punje mbili, nikatafuna. Zilikuwa chungu na nzuri. Kisha akavua viatu, na hapo ndipo nilipoona kwamba mwenye shati lile lote alikuwa na soksi iliyotoboka kidole gumba. Akapanda kitandani, akafunga pazia.

Kemondo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Tuta."

"Nimeliona."

Muhutwe, tunapanda, ikatoka tena. "Tia gia ya tatu."

"Tata," nikasema, "gari si lako mpaka zamu yako ifike."

Nikaendelea kupanda, polepole, kwa gia ya tatu, maana kusema kweli ndiyo iliyotakiwa. Tulipokuwa tunakaribia Muleba nikasikia kitu nikadhani ni tela linakwaruza. Nikapunguza mwendo, nikasikiliza. Mzee alikuwa anakoroma.

Benigna alikuwa amesimama palepale, jani la chakula mkononi. Akaliona gari, akainua mkono, akasubiri. Mkono wangu ulishafika kwenye honi. Nikauondoa. Nikapita mbele yake taratibu, kimya, yeye akanitazama mimi kwenye usukani, akatazama kiti kitupu pembeni yangu, kisha akaliona lile pazia lililofungwa. Kwenye kioo nikamwona ameketi chini kwenye nyasi, kitenge kakishika mdomoni kwa mikono miwili.

Nilimwacha mzee alale mpaka Biharamulo. Hapo nikaegesha, nikachomoa kalamu moja kwenye shati lake alilolitundika, nikasaini barua juu ya usukani.